Mwaka wa Watoto Waliokaa Kimya

Mwezi uliopita tulimzika Anyesi kule Lyamkena. Baada ya kurudi makaburini nilikaa na wanawake wa rika langu nyuma ya nyumba, tukila wali na maharage huku upepo ukitupeperushia majivu ya meko kwenye sahani. Lusia, binti yake, akaja kuketi kando yangu. Ni mtu mzima sasa, amestaafu uuguzi, ana wajukuu wawili wanaosoma sekondari. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba chumvi: "Mwalimu, mama alipokuwa anaumwa aliniambia jambo. Kwamba nilipokuwa mdogo nilipelekwa Matembwe kwa sababu yako. Ni kweli?" Nikamjibu, "Ni kweli." Akanitazama, nami nikaitazama sahani yangu, mpaka mchungaji aliposimama kutuombea, nikashukuru. Tangu siku hiyo situlii. Naingia chumbani, natoka, nachemsha chai nisiyoinywa. Wakwe zangu wanadhani ni uzee. Si uzee. Ni kwamba jibu la maneno mawili halikumtosha Lusia, wala halinitoshi mimi, na mwaka wenyewe ninaopaswa kumweleza sijawahi kumsimulia mtu tangu mwanzo hadi mwisho.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na cheti cha ualimu mkononi ambacho sikukitaka. Habari za wazazi wangu na jinsi nilivyofika chuoni naziacha, hazina uzito hapa. Nilichotaka ni kuondoka. Nilikuwa nimeomba nafasi ya kusomea ukunga Dar es Salaam, na kila Ijumaa nilikwenda posta ya Njombe kuuliza barua, mpaka karani akawa ananitikisia kichwa kabla sijafika dirishani. Wakati nasubiri, nilipewa kazi ya ukalimani kwa Mzungu mmoja aliyetumwa na serikali kufundisha akina mama na walimu wa madarasa ya chini namna watoto wadogo wanavyojifunza. Jina lake lilikuwa Miss Lyle. Kwetu akawa Bibi Laili. Alikuwa mwanamke mrefu wa makamo, mwenye mafua yasiyokwisha, na alikuwa ameyasoma mambo ya watoto kwao Uingereza kwa miaka mingi ingawa hakuwa na mtoto. Neno chekechea lilikuwa halijatufikia. Tulijua shule inaanza mtoto akiweza kupitisha mkono juu ya kichwa na kushika sikio la upande wa pili. Kabla ya hapo alikuwa mali ya jikoni.

Nyumba aliyopewa Njombe naikumbuka chumba kwa chumba. Sebule ilinuka moshi wa kuni za miti ya miwati na mikate aliyooka mwenyewe, na dirisha moja halikufungika vizuri, kwa hiyo ukungu wa asubuhi uliingia ukakaa nasi mezani. Mimi nilikula naye chakula cha mchana, jambo lililowashangaza majirani: supu ya viazi, mkate, na jamu ya mapichi aliyoipika kwenye sufuria moja na ile aliyochemshia leso zake. Nilikaa wima, nikashika kijiko kama yeye anavyokishika. Alasiri moja nilikuwa chumba cha pili nikikunja nguo zilizofuliwa nikamsikia akizungumza na mke wa daktari wa misheni. Alisema, "Nimewaangalia miezi miwili. Wanawabeba watoto kutwa nzima, lakini hawazungumzi nao. Mtoto anafungwa mgongoni kama kifurushi." Yule mwingine akasema kitu nisichokisikia, wakacheka kidogo. Damu ilinipanda. Lakini nikiwa mkweli, baada ya hasira likafuata jambo baya zaidi: nilianza kudhani anasema kweli. Nilikuwa nimesoma. Nilitaka sana kuwa upande wa wale wanaotazama, si wale wanaotazamwa.

Mvua za masika zilipokwisha tukahamia Makambako, tukirudi Njombe mwisho wa juma. Makambako ya siku zile haikuwa mji. Ilikuwa njia panda yenye maduka machache ya mabati, kambi ya manamba, vibarua wanaosubiri malori ya kwenda kwenye mkonge, na upepo. Kila kitu pale kilikuwa kinaondoka. Asubuhi unaamka unasikia injini; mchana unakula huku basi la Mbeya linapiga honi; jioni wanaume waliosalimiana nawe jana wako safarini, na wake zao wanarudi vijijini na mablanketi yaliyolowa machozi. Mtu mwenye miguu inayowashwa na hamu ya safari kama mimi hakupaswa kuwekwa mahali kama hapo. Nilikuwa nikitafsiri sentensi moja huku nikiihesabu milio ya gia.

Tuliazimwa ghala la Mhindi mmoja lililokuwa likihifadhi pareto, na vumbi lake lilitupigisha chafya wote. Akina mama kumi na nane walikaa juu ya magunia. Walimu walikuwa watatu, na mkubwa wao alikuwa Mwalimu Yeremia, mzee aliyefundisha darasa la kwanza pale kwa miaka ishirini. Alikuja na koti lake jeusi na fimbo ya mwanzi, akakaa kwenye kiti pekee kilichokuwapo, akaitegemeza fimbo ukutani mahali ambapo kila mtu angeiona. Hakufurahia kufundishwa pamoja na wanawake wanaonyonyesha.

Siku ya kwanza Bibi Laili alisema, nami nikatafsiri: "Mtoto haanzi kujifunza siku anapoandikishwa shule. Anaanza siku anapozaliwa."

Akina mama wakaendelea kunyonyesha. Kisha mwanamke mwembamba aliyekaa karibu na mlango, aliyekuwa amebeba debe la togwa la kuuzia manamba, akaniuliza kwa Kibena, lugha yetu, "Amesafiri kutoka Ulaya kuja kutuambia hilo?"

Wenzake wakacheka mpaka watoto wakaamka. Huyo ndiye Anyesi. Bibi Laili akauliza amesema nini. Nikamwambia, "Anasema amefurahi kusikia." Hapo ndipo nilipoanza tabia ile, ya kulainisha maneno yakipita mdomoni mwangu. Wao walipouliza, mimi nililainisha. Yeye alipokemea, nililainisha. Nilidhani ndiyo kazi ya mkalimani.

Siwezi kusema mafunzo yale yalikuwa bure. Alitufundisha kumtazama mtoto tunapomsemesha, kumpa vitu vya kushika na kupanga, kumwacha aharibu na ajaribu tena. Alieleza jinsi akili ya mtoto inavyokua haraka katika miaka ile ya mwanzo ambayo sisi tuliiona ya kungoja tu. Alikuwa na sanduku la vibao vya mbao vya rangi, na watoto waliopanga vibao hivyo sakafuni hawakutaka kwenda nyumbani. Baadhi ya akina mama waliondoka wamebadilika. Nawajua kwa majina. Hata Mwalimu Yeremia alianza kuuliza maswali, akiyaanza yote kwa maneno, "Sisemi nakubali, ila."

Mwezi wa Julai, wakati umande unaganda majanini na watoto wanakuja na midomo iliyopasuka, Bibi Laili akasema ni wakati wa kuwapima. Mkuu wa shule alikuwa na nafasi arobaini za darasa la kwanza kwa mwaka unaofuata na maombi mengi kuliko hizo, na alikuwa amekubali kuitumia orodha ya Bibi Laili kuchagua kati ya watoto wa akina mama wetu. Vipimo vilikuwa kadi za picha zilizochorwa Uingereza: nyumba yenye bomba la moshi juu ya paa, mwavuli, mbwa amelala juu ya zulia, mtoto akila kwa uma. Nilipaswa kumwita mtoto mmoja mmoja, kumwonyesha na kumuuliza: hiki ni nini, yuko wapi, anafanya nini. Asubuhi ya siku yenyewe Bibi Laili alikuwa kitandani kwa homa ya mafua. Aliniita akanipa kadi, akauliza, "Hawa watoto wanajua Kiswahili?"

Nilisema, "Wanajua."

Hawakujua. Walikijua kama wanavyokijua watoto wa kijijini: salamu, bei ya viazi, matusi ya makondakta. Lakini nilimkumbuka yule mgeni wake na kile kicheko, nikaona nikisema hawajui ni kama kusema sisi ni watu wa porini. Basi nikasema wanajua. Na siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Basi la Njombe lingepita adhuhuri, nami nilikuwa na hakika wiki ile barua yangu imefika. Watoto ishirini na wawili niliwapima kati ya saa mbili na saa sita kasoro. Lusia alikuwa wa mwisho au wa pili kutoka mwisho. Aliingia na gauni la khaki lililokatwa kutoka kwenye shati la baba yake, akasimama, akainamisha macho kama alivyofundishwa kufanya mbele ya mkubwa. Nikamwonyesha mwavuli. "Hiki ni nini?" Kimya. Nikamwonyesha mbwa. Kimya. Nje nikasikia honi mlimani. Nikaandika *hajibu, hajibu, hajibu*, nikafunga daftari, nikakimbilia kituoni huku viatu nimevishika mkononi. Posta hakukuwa na barua.

Orodha ilipotoka, watoto saba walikuwa wameandikiwa kwamba akili zao ni nzito na wasiandikishwe. Bibi Laili aliisoma mbele ya akina mama kwa upole, akieleza kwamba si aibu, kwamba watoto hawa watafaa kwa kazi za mikono. Nikatafsiri. Jina la Lusia nililitamka bila kumtazama mama yake. Anyesi alisimama. Alichukua debe lake, akamfunga mtoto mdogo mgongoni, akatoka, na hakurudi tena darasani. Mumewe alikuwa kwenye mkonge kule Tanga, na alikuwa ameagiza kwamba katika watoto wake atasomeshwa yule ambaye mwalimu atasema anafaa. Wiki mbili baadaye nikasikia Lusia amepelekwa kwa bibi yake Matembwe akalishe nguruwe na kulea wadogo.

Aliyenisimamisha ni Mwalimu Yeremia. Ilikuwa mchana, watu wametawanyika, mimi nafagia ghala. Hakuwa na fimbo siku hiyo. Sijui aliiacha lini.

"Binti yangu," akasema, "yule mtoto wa Anyesi ulimuuliza kwa lugha gani?"

"Kiswahili, Mwalimu."

"Na wale wengine sita?"

"Kiswahili."

Akakaa kwenye kiti chake. "Mimi nimewachapa watoto wa hapa miaka ishirini kwa sababu nawauliza Kiswahili na hawanijibu. Nilidhani ndivyo shule ilivyo. Ninyi mlipokuja nilikasirika, lakini usiku nikawa nawaza, labda wamekuja kunionyesha njia nyingine." Akanitazama, bila ukali, na ingekuwa afadhali angenitazama kwa ukali. "Kumbe na wewe unafanya vilevile. Ila wewe unaandika."

Kesho yake nilimfuata Anyesi kituoni, akiuza togwa kwenye madirisha ya malori. Nilimwambia nataka kumwona Lusia. Aliendelea kumimina. Alipomaliza lori zima ndipo akasema, "Mlishamwona. Mkaandika." Nikamwambia niliandika vibaya, na kwa nini. Nilimwambia yote, hata ya basi. Sijui nilitegemea nini. Aliifuta kata yake kwa kitenge, akasema, "Ijumaa kuna lori la mbao linakwenda Lupembe, linapita Matembwe. Utakaa nyuma na mimi. Nauli utajilipia."

Ilituchukua siku nzima, tukiwa juu ya lori tupu, tumejifunika turubai, na hakuzungumza nami mpaka tulipopita Njombe. Hapo alinipa kiazi cha kuchemsha, akasema tu, "Kula, utazimia." Matembwe tulifika jua likiwa bado lipo. Nyumba ya bibi ilikuwa na jiko la kando lenye kuta za mianzi iliyokandikwa udongo, na mahali udongo umebanduka ungeweza kuona ndani. Anyesi alinishika mkono, akanisimamisha pale, akaweka kidole mdomoni.

Lusia alikuwa ameketi sakafuni na watoto watatu wadogo. Alikuwa amepanga viazi kwenye mstari, akawa anawafundisha kwa Kibena. Kiazi kikubwa ni basi la Mbeya. Kile chenye jicho ni la Songea, linachelewa siku zote kwa sababu dereva wake ana mwanamke Njombe. Kile kidogo ni lori la manamba, na maharage ni watu. "Wangapi wamepanda?" akauliza. Mtoto mmoja akasema wanne. "Hesabu tena. Yule mwenye kikohozi umemsahau." Wakahesabu watano. "Wawili wametoroka usiku. Wamebaki wangapi?" Yule mdogo kabisa hakujua, naye Lusia hakumwambia, alimwondolea maharage mawili polepole, akamrudishia, akaondoa tena, mpaka yule mtoto akaona mwenyewe. Miezi mitatu nilikuwa nimetafsiri mafunzo ya namna ya kumfundisha mtoto mdogo. Sikuwa nimemwona mtu akiyafanya vizuri hivyo. Kisha nikaingia, na Lusia aliponiona akanyamaza, akainamisha macho.

Bibi Laili nilimkuta sebuleni Njombe Jumapili, akimimina chai. Nilibaki nimesimama. Nikamweleza habari ya Kiswahili, na haraka yangu, na mambo yote niliyolainisha tangu siku ya kwanza. Aliweka birika chini.

"Kwa hiyo ulinidanganya."

"Ndiyo, Bibi."

"Kwa nini?"

"Nilikusikia ukisema hatuzungumzi na watoto wetu. Nikataka tuonekane watu wanaojua."

Alikwenda kwenye lile dirisha lisilofungika, akasimama hapo akipenga kamasi. Nilikuwa tayari nimeshapanga moyoni namna ya kuwaambia nyumbani kwamba nimefukuzwa. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, kwa mafua au kwa kingine. "Nimefanya kazi hii miaka mingi," akasema, "na najua kabisa mtoto hapimwi kwa lugha ya mgeni. Nilikuuliza mara moja tu, kwa sababu jibu lako lilinirahisishia kazi. Kaa unywe chai." Sikuweza kuinywa, lakini nilikaa.

Tuliwapima upya wale saba. Safari hii kadi zilibaki sandukuni. Tulitandika mkeka nje ya ghala, tukaweka vibuyu, mafiga, magunzi na vikapu, na waliouliza ni mama zao, kwa Kibena, mimi nikikaa nimewapa mgongo, nikiandika. Lusia, ambaye Anyesi alimrudisha Makambako kwa ajili hiyo, alizungumza mpaka kalamu ikaniuma vidole. Watano wengine walizungumza, mmoja kwa kuimba. Wa saba, mtoto wa kiume aliyeitwa Samweli, hakujibu hata mama yake, na ndipo Bibi Laili alipopiga makofi nyuma ya kisogo chake na kuona hageuki. Alikuwa hasikii vizuri. Mama yake alikaa chini akasema, "Na mimi nilikuwa namchapa nikidhani ni mkaidi."

Bibi Laili aliandika taarifa mpya, akaipeleka kwa wakubwa wake. Jibu lilikuja Novemba, aya moja: ameshukuriwa, na mafunzo yatakoma mwisho wa mwaka. Kuhusu watoto hakukuwa na neno. Aliondoka Desemba bila sherehe, akawaachia akina mama vibao vyote, na tulipoagana alinishika mkono tu. Sikupata habari zake tena. Mkuu wa shule alishikilia kwamba orodha ni orodha na nafasi ni arobaini. Mwalimu Yeremia hakubishana naye. Siku ya kuandikisha alikaa na daftari lake, akaandika watoto arobaini na saba, akamwambia mkuu kwamba kama hakuna madawati yeye mwenyewe atakaa chini, na kama hilo ni kosa, basi aandikiwe barua. Barua haikuandikwa. Samweli alikaa mbele kabisa.

Barua yangu ilifika wiki hiyohiyo. Nafasi ya ukunga ilikuwapo, niripoti Februari. Niliisoma nikiwa nimesimama barabarani, na kwa siku kadhaa nilitembea nayo ndani ya sidiria mpaka ikalowa jasho. Watu hupenda kusema nilibaki kwa wito. Wameyasema hata kanisani, siku nilipostaafu. Sikuwa na wito. Nilibaki kwa sababu sikuweza kupanda basi nikapita mbele ya Anyesi na debe lake, nikampungia mkono. Baadaye nilipenda kazi, lakini kwanza ilikuwa aibu, na miaka mingi nilipolisikia gari la kwenda Dar likibadili gia, nilinyamaza kidogo katikati ya sentensi.

Mwalimu Yeremia aligawa darasa lake, akanipa nusu, wale wadogo zaidi, upenuni mwa shule. Siku ya kwanza ya masomo, Januari ile, mvua ilikuwa imenyesha usiku na upepo ulitupigia matone ya paa. Nilimwuliza kila mtoto, kwa Kibena, ameona nini njiani. Mmoja alikuwa mgeni, mama yake alikuwa amehamia kutoka Wanging'ombe wiki iliyopita tu. Alisimama, akainamisha macho, akanyamaza. Wenzake wakaanza kusukumana. Barabarani basi la Iringa likasimama, nikasikia kondakta akiita abiria, nikasikia mizigo ikitupwa juu, likaondoka, na mtoto bado amenyamaza. Mikono yangu ilitaka kushika kalamu. Nikaikalia. Mwishowe akainua uso, akaniambia kwamba ameona vitu vingi sana, alikuwa anachagua.